Kaburi la Kyengo

Nzomo alikuwa na baba ambaye hakuwahi kuzaliwa. Alilijua hilo tangu akiwa mtoto wa kuchunga mbuzi, na hakuliona la ajabu mpaka alipotoka nyumbani akaanza kuishi na watu wengine.

Mambo yalikuwa hivi. Nyanya yake, Mbinya, aliolewa akakaa na mumewe mpaka mvi zikamtoka bila kushika mimba. Mume akafa, akamwachia shamba zuri huko mashariki ya Thika, njia ya kwenda Ngoliba, ukishayapita mashamba ya mananasi. Shemeji zake wakaanza kulizunguka shamba lile kama fisi wanaonusa zizi. Mbinya hakulia, wala hakukimbilia kwa chifu. Alitoa mbuzi na ng'ombe wake, akavuka kwenda Yatta, akaposa msichana aitwaye Ndunge kwa ajili ya mwanawe Kyengo. Lakini Kyengo huyo hakuwako. Alikuwa jina tu, mwana ambaye Mbinya angemzaa kama Mungu angependa. Mke wa namna hiyo Wakamba humwita iweto. Anazaa na mwanamume amtakaye, kwa siri na kwa adabu, na mtoto anakuwa wa nyumba ile, wala hakuna anayeuliza zaidi. Ndunge alizaa mara moja tu, akampata Nzomo. Shemeji wakarudi makwao mikono mitupu.

Kule nyumbani kila mtu alijua na hakuna aliyesema. Mzigo ulianzia Ruiru. Nzomo alifundisha fasihi katika shule moja ya wasichana huko, na mwaka ule wa tisini na sita alikuwa amemchumbia mwalimu mwenzake, Njambi, wa somo la sayansi kimu. Siku za mwanzo mwanzo, wakinywa chai katika chumba cha walimu, Njambi alimwuliza kama baba yake yu hai. Nzomo akasema alikufa zamani. Lilikuwa neno jepesi, la kupitisha maongezi. Lakini Njambi alikuwa na moyo wa huruma. Akauliza alikufa kwa nini. Malaria. Alikuwa akifanya kazi gani? Fundi wa mabomba, huko Voi. Kila swali lilidai jibu, na kila jibu lilimwongezea Kyengo mfupa na nyama, hata Njambi akawa anamtaja katika sala zake za kila Novemba, mwezi ambao Wakatoliki huwakumbuka marehemu. Nzomo alikuwa akisimama kando yake kanisani, ameinamisha kichwa, amemshikia kitabu cha nyimbo.

Muhula wa pili ukaleta riwaya ya Waibo.

Ilikuwa miongoni mwa vitabu vya mtihani wa kidato cha nne, hadithi ya kijiji kimoja mashariki mwa Nigeria, siku ambazo wazungu walikuwa bado ni uvumi. Humo mna mwanamke mmoja, Akuabata, mfanyabiashara wa vitambaa, tajiri na tasa. Akuabata anaoa mke. Analipa mahari mbele ya ukoo, anamleta binti nyumbani, na watoto wanaozaliwa wanamwita baba. Siku moja anaingia katika mkutano wa wanaume. Kola inapitishwa, ile kokwa chungu ambayo Waibo huivunja kabla ya neno lolote zito kusemwa, na ikimfikia yeye mkutano unagawanyika. Wengine wanasema mwenye nyumba ni mwenye nyumba, apewe aivunje. Wengine wanasema mkono wa mwanamke hauvunji kola hata ukiwa na dhahabu hadi kwenye kiwiko. Mwandishi alikuwa amelipamba jambo hilo kwa methali tele, kila mzee akipandia methali ya mwenzake kama ngazi.

Wasichana walicheka mpaka madawati yakatikisika. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, lakini mjadala uliteleza ukawa Kiswahili, kama kawaida yao wakipandwa na mori.

"Mwalimu, hii kitu iko kweli ama ni stori tu?" aliuliza Zahra, binti wa mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa Thika, msichana asiyenyamaza mpaka aridhike.

"Na huyo mtoto akiwa shule, akiulizwa jina ya baba yake, anasema mathe?" mwingine akadakia, na kicheko kikaanza upya.

Nzomo alisimama mbele yao na chaki mkononi. Jibu lilikuwa pale pale kifuani, fupi na rahisi. Badala yake alisikia kinywa chake kikisema, "Hayo ni mambo ya Waibo wa kale. Huku kwetu hayajawahi kuwako." Kisha, Mungu amsamehe, akacheka nao.

Zahra hakucheka. "Lakini mwalimu, huyo bibi aliolewa, mbona hasemi kitu? Nimesoma mpaka mwisho. Wazee wanasema, Akuabata anasema, mpaka mbuzi amesemewa. Yeye anapika tu."

"Tutaliangalia wiki ijayo," alisema Nzomo. Wiki iliyofuata ilipofika hakuligusa.

Njambi ndiye aliyekiomba kitabu kile, baada ya kusikia wanafunzi wakikizungumza jikoni kwake wakikanda mandazi. Alikimaliza upesi. Jumamosi moja wakaenda Thika kutembea, wakaketi juu ya majani karibu na ile hoteli kongwe ya maporomoko ya Chania, maji yakianguka upande wa chini kwa kishindo.

"Nimempenda huyo Akuabata," alisema Njambi. "Ningekuwa mimi, ningeivunja hiyo kola kwa meno, waone."

Nzomo akageuka kumtazama. Mlango ulikuwa wazi, hakuwa na haja hata ya kubisha. Alisema, "Njambi," akanyamaza.

"Nini?"

"Na kama ungekuwa mtoto wake?"

Njambi akafikiri kwa uaminifu, kama alivyofikiri kila kitu. "Ningeona vibaya tu kama angenificha. Mtu anaweza kuishi na chochote asipofichwa." Akamshika mkono. "Wewe angalau unajua baba yako ni nani, hata kama hukumwona."

Mlango ukajifunga. Nzomo akaelewa kwamba kosa halikuwa tena namna alivyozaliwa. Kosa lilikuwa Voi, na mabomba, na malaria, na zile sala za Novemba. Hilo angelieleza vipi? Akasema maji yale yana kelele sana, afadhali wahame.

Baba yake Njambi, Mzee Karuga, aliwahi kuwa karani katika shamba moja la kahawa hapo Ruiru, mtu wa maneno machache, aliyepiga pasi hata shati la kulimia. Baada ya wajumbe wa kwanza kwenda na kurudi, alimwita Nzomo.

"Tutakuja kwenu kuona itara," alisema. Hiyo ni safari ya Wakikuyu ya kulikagua boma ambamo binti yao ataishi. "Nitamsalimia mama yako. Na kwa sababu baba yako amelala, nitasimama kwenye kaburi lake niombe. Siwezi kumpa mtu binti yangu bila kubisha kwa mwenyewe."

"Ndiyo, mzee," alisema Nzomo.

Tangu siku hiyo usingizi ulimkimbia. Darasani alipoteza mstari katikati ya sentensi. Akiwaza kusema ukweli, alimwona Njambi akikumbuka kila Novemba, moja baada ya nyingine. Akiwaza kuahirisha, alimwona Karuga akikunja miwani yake taratibu. Alikuwa kama panya ndani ya mtungi: kila upande ni laini, hakuna pa kutia ukucha. Mwishowe wazo likamjia, na ubaya wake ni kwamba lilikuwa jepesi kutekelezwa. Alipanda gari kwenda nyumbani.

Mbinya alikuwa ameketi kizingitini akichambua mbaazi kwa vidole, maana macho yalikuwa yamefifia. Nzomo akachuchumaa mbele yake, akamweleza habari za wageni, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Susu, nataka kumjengea Kyengo kaburi."

Vidole vya bibi kizee vikasimama. "Umwekee nani ndani?"

"Hakuna. Mawe tu, na msalaba. Wakishaenda nitayatoa."

"Nzomo." Alilitamka jina lile kama mtu anayeita kutoka mbali. "Mimi nilisimama mbele ya wanaume wa ukoo huu wakanicheka, nikawaambia nina mwana. Nikamlea kwa mdomo miaka hii yote. Hajawahi kuugua. Leo wewe uliyekula jina lake ndiye unataka kumwua?"

"Susu, nitaaibika."

"Sema mimi ndiye baba yako. Sijafa. Nitavaa nguo zangu, nitawapokea, nitasema yote yanayosemwa na mwenye boma. Kuna aibu gani?"

 Masikioni mwa Nzomo darasa zima la wasichana lilikuwa likicheka.

Asubuhi ya siku ile wageni walipotarajiwa, aliamka kabla ya jua akaenda nyuma ya nyumba, karibu na ua wa katani, akaanza kurundika mawe. Alifanya kazi haraka, asiinue uso. Aliposikia hatua akadhani ni Mbinya. Alikuwa ni mama yake. Ndunge alisimama na leso kichwani, akalitazama rundo lile, akatazama msalaba wa mbao uliolazwa kando. Alikuwa mwanamke wa kimya. Nzomo hakukumbuka siku ambayo mama yake alipinga neno lolote katika boma lile.

"Mwaitu, usiniambie kitu," alisema Nzomo. "Tafadhali."

Ndunge akainama, akabeba jiwe kubwa, akaliweka mahali pake. Kisha jingine.

"Kwani unafanya nini?"

"Si ni mume wangu?" alisema Ndunge. "Kama anazikwa, niachwe nje?" Akaenda akarudi na jiwe la tatu, akipumua kwa nguvu. "Niliolewa naye nikiwa msichana wa kuruka kamba. Nimelala katika nyumba yake. Nimekaripiwa kwa jina lake. Hakuna mtu amewahi kuniuliza kama ninamtaka. Wacha leo nami niwe mjane kama wanawake wengine, nipumzike."

Machozi yalikuwa yakimshuka, lakini mikono yake haikusimama. Nzomo alitaka kumwuliza mambo ambayo hakuwahi kuuliza maishani mwake, na jua lilikuwa limeshapanda, na wageni walikuwa njiani. Wakamaliza kazi bila kusemezana.

Wageni walifika wakiwa wamevaa nadhifu. Karuga alikuja na mkewe, wazee wawili wa kanisa, na Njambi aliyebeba maua aliyoyachuma mwenyewe, ameyafunga kwa uzi mwekundu.  Walikaribishwa, wakanawa mikono, wakasifu migomba na kisima. Mbinya alikuwa amevaa gauni lake la kitenge, ameketi kwenye kiti cha mgongo mrefu, akawasalimia mmoja mmoja kwa adabu. Chakula kilikuwa tayari. Karuga akasema, "Kabla hatujala, tumwone mwenye boma."

Wakaenda nyuma ya nyumba, Ndunge naye akiwafuata. Karuga akavua kofia. Njambi akapiga goti akaweka maua yake juu ya mawe, akasema kwa sauti ndogo, "Pumzika kwa amani, baba." Karuga akaomba sala ndefu kwa Kikikuyu, akimwita Kyengo rafiki, akimwomba radhi kwa kuchelewa kuja. Akasema amina, na wote wakasema amina. Nzomo naye akasema.

"Mnamwombea nani hapo?"

Mbinya alikuwa amefika kwa fimbo yake, taratibu, akifuata sauti. Wakampisha. Akanyoosha fimbo, akagonga jiwe la juu.

"Hapa hakuna mtu," alisema. "Kyengo ni mwanangu, nami sikuzaa. Nilimtaja tu. Huyu mama hapa nilimwoa mimi, kwa mifugo yangu, na mtoto huyu ni wangu. Kama mlikuja kumwona mwenye boma, ndiye mimi, na mmenipita pale kwenye kiti. Haya mawe jana hayakuwako."

 Kuku mmoja alipita katikati yao akidonoa. Njambi aliinuka polepole, vumbi likiwa gotini mwake, akamtazama Nzomo.

"Si kweli, Nzomo," alisema. "Sema si kweli. Voi je?"

Nzomo alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza hakupata uongo wowote humo.

"Nimemlilia huyu mtu," alisema Njambi. "Nimemlilia kanisani, na wewe ukinishikia kitabu cha nyimbo."

Karuga akavaa kofia yake. Akamgeukia Mbinya, akainama kidogo kwa heshima, akasema, "Asante kwa ukweli wako, mama." Kisha wakaondoka wote bila kula, jambo ambalo katika boma lolote la nchi ile ni zito kuliko tusi. Sufuria zilikaa juu ya mafiga mpaka majirani wakaja kuuliza kulikoni.

Hapo ndipo Nzomo alipojua mtego ni nini hasa. Njambi alifundisha darasa la jirani, akimsikia akifundisha kupitia ukuta, na wakikutana kwenye ukumbi humwambia "Habari ya asubuhi" kama anavyomwambia mkaguzi. Karuga alituma neno moja tu: akija tena, aje na aliye hai. Lakini Mbinya alikataa kutoka. "Nimefiwa," alisema. "Mtu hafanyi mambo ya harusi akiwa matangani." Akaingia chumbani mwake akarudisha mlango. Nzomo akienda Ruiru hakuna anayemtaka, akienda nyumbani hakuna anayemsemesha, na mbele ya wanafunzi lazima aeleze dhamira ya kitabu ambacho hakutaka tena hata kukifungua.

Mvua za vuli zilianza kunyesha. Kisha Jumapili moja Ndunge alitokea Ruiru peke yake, viatu mkononi kwa sababu ya matope, akamwambia mwanawe, "Nipeleke kwa hao watu."

"Mwaitu, utawaambia nini?"

"Sitaki kuwaambia wazee. Nataka huyo msichana."

Alipofika penye ua wa michongoma wa Karuga alivaa viatu, akamzuia Nzomo kwa kiganja kifuani. "Wewe kaa hapa." Akaingia.

Nzomo akaketi juu ya gogo nje ya lango. Baada ya kitambo Karuga alitoka, akaketi upande wa pili wa gogo lile. Walikaa hivyo, wakisikia sauti za wanawake kutoka jikoni, zikipanda na kushuka, maneno hayashikiki.

"Mwanamke kuoa mwanamke si kitu kigeni," alisema Karuga hatimaye, kana kwamba anazungumza na michongoma. "Hata kwetu kulikuwako, nyanya yangu alikuwa na mke. Hilo halikunishtua. Kinachoniuma ni ile amina. Nilimwomba Mungu juu ya kokoto, na wewe ukaitikia."

"Nisamehe, mzee."

"Mimi nitakusamehe. Sijui yeye."

Njambi alitoka peke yake. Macho yalikuwa mekundu, lakini uso ulikuwa umetulia. Karuga akaondoka, akawaachia nafasi.

"Nitaolewa na wewe," alisema Njambi. "Lakini usinidanganye tena, hata kama ni juu ya chumvi."

Nzomo alitaka kumshika mikono, akasita. "Amekuambia nini?"

"Yote. Alivyochukuliwa kwao. Alivyoogopa. Mtu aliyempenda." Akatazama kule jikoni. "Jina lake pia."

 Miaka yote Nzomo hakujua kwamba anataka kulijua jina hilo, na sasa aliona hakutaka kitu kingine chochote. "Ni nani?"

"Mama yako aliapishwa na nyanya yako kwamba mtoto wa nyumba hiyo hatalisikia kutoka kinywani mwake. Amekishika kiapo. Mimi si mtoto wa nyumba hiyo, kwa hivyo amenipa. Lakini ameniapisha nami vilevile."

"Njambi, yuko hai?"

"Nimeapa, Nzomo."

Kutoka jikoni alimsikia mama yake akicheka na mama yake Njambi, kicheko cha wazi cha kifua, ambacho hakukumbuka kukisikia nyumbani.

Walioana Aprili iliyofuata. Matanga yake yalipokwisha, Mbinya alikubali kwenda Ruiru kwa ajili ya mahari. Aliketi mahali pa baba wa bwana harusi, akasema kila lililopaswa kusemwa, na wazee wa Karuga wakamsikiliza bila kumkatiza. Alirudi kwake bila kumtazama mjukuu wake. Wakapanga nyumba Thika, na siku za soko huenda pamoja, Njambi akiwa na kikapu, akisalimia watu kulia na kushoto. Nzomo hutembea nyuma kidogo. Huwatazama wanaume wa rika la mama yake, wauza viatu, wapiga debe, wenye maduka, akitafuta masikio kama yake, mabega kama yake. Mara nyingine mzee fulani humwitikia Njambi salamu kwa uchangamfu uliozidi kidogo.

"Ni huyu?" Nzomo huuliza.

"Twende," husema Njambi, "nyanya zinaisha."